Anayesubiri Kopa Alipe

Mdogo wangu wa Arusha, pole. Nilipofika pale unapoapa kwamba hutashika tena karata hadi kiama, nikajua huyu bado hajamaliza. Mtu aliyemaliza haandiki kurasa tatu.

Kwa wenzangu ambao hawakuiona barua, kisa kiko hivi. Marafiki sita hukutana mwisho wa wiki sebuleni kwa mmoja wao, wanacheza poka ya Texas Hold'em, ile isiyo na kikomo cha dau. Kila mmoja anaanza na chipu za shilingi 100,000. Dau la lazima ni 500 kwa mmoja na 1,000 kwa anayemfuata. Siku hiyo mdogo wangu akagawiwa malkia wawili, wa shupaza na wa uru. Akapandisha hadi 2,000. Wanne wakafuata, poti, yaani hela yote ya katikati, ikawa 10,000. Zikafunuliwa karata tatu za mezani, yaani flopu: jeki ya kopa, tisa ya kopa, nne ya pau. Akaweka 2,000 nyingine, kwa maneno yake mwenyewe "ili nisiwakimbize". Watatu wakafuata. Karata ya nne ikaja sita ya kopa. Hapo moyo ukaanza kumdunda, akaweka 15,000 "wajue sina mchezo". Wawili wakatupa karata, wa tatu akasukuma chipu zake zote katikati. Mdogo wangu akaguna, akajikuna kichwa, akalipa. Yule bwana akafunua ree ya kopa na tano ya kopa. Kopa tano, laki imehama.

Swali lake ni hili: "Dada, kwani nilikosea wapi? Si ni bahati mbaya tu?"

Bahati mbaya ilikuwepo, siikatai. Lakini wewe umeikasirikia ile sita ya kopa, na mimi nimeikasirikia 2,000 yako. Halafu nimeikasirikia zaidi ile 81,000 uliyoongeza mwishoni ili kumlipa. Katikati ya hizo mbili ndipo lilipo somo zima la karata nzuri zinazovunjika, na ninataka tukae hapo.

Malkia wawili juu ya jeki, tisa na nne ni karata nzuri. Kwa wakati ule, hakuna jozi ya mezani inayokushinda. Mwenye jeki yuko nyuma yako, mwenye tisa yuko nyuma yako, mwenye kumi mbili yuko nyuma yako. Ukisimamisha mchezo pale pale na kufunua, mara nyingi unachukua wewe. Ila mchezo hausimami. Zimebaki karata mbili, na meza ile imejaa watu wanaosubiri kitu. Mwenye kopa mbili anasubiri ya tano. Mwenye kumi na nane, au malkia na kumi, anasubiri mfululizo. Mwenye mfalme au ree anasubiri mwenzake ashuke. Kila mmoja peke yake ana nafasi ndogo, lakini ukiwakusanya watatu, nafasi zao zikijumlishwa zinaweza kukuzidi wewe mwenye malkia. Ndiyo maana ninaziita karata zinazovunjika: leo uko mbele, karata moja baadaye hujui uko wapi.

Mtu mwenye karata za namna hii husumbuliwa na hofu mbili, na kila moja inamvuta upande wake. Ya kwanza ni hofu ya kubaki peke yake: nikiweka nyingi watakimbia wote, nitavuna vijisenti. Ya pili ni hofu ya kupigwa: niweke zote sasa hivi wasinisumbue. Wewe ulianza na ya kwanza ukamalizia na ya pili. Ulikuwa mpole wakati wa kuwa mkali, na ukawa mkali wakati wa kuwa mpole. Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye wangeweza kabisa kuwa wamekaa kwenye meza yenu.

Tuanze kabla ya flopu, maana ugonjwa wako ulianzia huko. Malkia wawili ni jozi kubwa, lakini hakuna jozi inayopenda umati. Chukua ree mbili, ambazo ndizo karata bora kabisa za kuanzia na ambazo hugawiwa kwa wastani mara 1 katika kila 221. Zikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote, hushinda karibu asilimia 85 ya mara zote. Wakiwa wapinzani watatu, zinashuka hadi kama asilimia 64. Wakiwa wanne, kama wale wako, ni asilimia 56 hivi. Hizo ni ree; malkia wako chini ya hapo. Najua kuna mjuzi atakayeniambia, "Dada, lakini wakiwa wanne si poti ni kubwa zaidi?" Kweli, na kwenye karatasi hesabu yako si mbaya. Tatizo ni kwamba baada ya flopu unabaki na watu wanne ambao hujui nani ana nini, na wewe una jozi moja. Wenye kosa rahisi la kufanya hapo si wao, ni wewe.

Kwa hiyo, dau la lazima likiwa 1,000, malkia wawili wapandishe hadi 4,000 au 5,000 kwenye meza ya watu wanaopenda kufuata fuata. Ukibaki na mmoja au wawili, umefanya kazi yako. Ile 2,000 ilikuwa kama kumwambia kila mtu, "Karibuni, mlango uko wazi."

Sasa flopu, penye utamu. Sikiliza hesabu, si ngumu. Kopa ziko 13. Mbili ziko mezani, mbili yuko nazo yule bwana, zimebaki 9. Karata ambazo yeye hazijui ni 47. Nafasi ya karata inayofuata kuwa kopa ni 9 katika 47, kama asilimia 19. Akipewa nafasi ya kuona karata zote mbili zilizobaki, inapanda hadi kama asilimia 35. Shika namba hizo mbili, 19 na 35, kwa sababu tofauti yake ni mkate wako.

Ulipoweka 2,000 kwenye poti ya 10,000, wa kwanza kukufuata aliombwa 2,000 ili agombee 12,000. Mtu anayelipa 2,000 ili poti iwe 14,000 anahitaji kushinda mara 1 tu katika kila 7, yaani asilimia 14 na ushee. Yeye ana 19 kwa karata inayofuata peke yake. Na yule aliyefuata baada ya mwenzake alipata bei nafuu zaidi, kwani poti ilikuwa imeshanenepa. Kwa maneno mengine, yule bwana hakuwa mjinga wala hakuwa na bahati ya ajabu. Alikuwa mteja aliyepewa punguzo, akanunua. Ningekuwa mimi ningenunua pia.

Ungeweka 7,000 je? Hapo anaombwa 7,000 ili poti iwe 24,000, na anahitaji kushinda asilimia 29. Ana 19. Akifuata, anafuata kwa hasara, na hasara yake ni faida yako hata siku ambayo kopa inashuka. Hili ndilo watu wanakataa kulielewa: lengo lako pale si kumfukuza. Mwenye kopa mbili akifuata kwa bei mbaya, mshukuru kimoyomoyo. Akitupa karata, vilevile sawa, maana ameacha asilimia zake mezani na wewe umechukua 10,000 bila kujua kama kopa ingekuja. Yote mawili yanakulipa. Kisichokulipa ni kumpa asafiri bure. Dau lako pale ni nauli: anayetaka kupanda apande, lakini atoe hela kwanza, na kituo kinachofuata atatoa nyingine.

Hiyo nauli ya kituo cha pili ndiyo wengi husahau. Ukiweka 7,000 kwenye flopu, halafu karata ya nne ikawa mbili ya pau isiyomsaidia mtu, ukaogopa ukapita bila kuweka kitu, umemuuzia karata mbili kwa bei ya moja. Sasa yeye ana ile asilimia 35, si 19, na ile 7,000 yake imegeuka kuwa bei halali. Weka tena. Poti ikiwa 24,000, weka kama 16,000. Kwa wakati huo amebakiwa na karata moja tu, nafasi zake ni 9 katika 46, bado hazijafika asilimia 20, na unamwomba alipe kama mtu mwenye 28 au 29.

Yule bwana wako alikuwa na zaidi ya kopa, tusimpunje. Ree yake nayo ilikuwa tishio, kwani ree yoyote ikishuka jozi yake inawapita malkia wako. Kopa 9 na ree 3 ni karata 12 zinazomwokoa. Mkiangalia karata zote mbili zilizobaki, alikuwa na asilimia 45 hivi. Karibu nusu kwa nusu, mdogo wangu! Na wewe unalia kana kwamba ameiba. Kwa karata moja tu lakini, bado alikuwa na robo au zaidi kidogo, na kwa 7,000 bado angekuwa anadaiwa. Kidogo, lakini anadaiwa. Na kuna jambo jingine linalompa moyo wa kufuata: anajua akiipata kopa, wewe utalipa tena. Kadiri anavyokuona ni mtu wa kulipa hadi mwisho, ndivyo anavyoweza kukufuata hata kwa bei mbaya. Yaani kutoweza kutupa malkia ndiko kunakomlipia nauli yake.

Sasa tuje kwenye 81,000. Karata ya nne ni sita ya kopa. Umepoa mikono, umeweka 15,000 kwenye poti ya 18,000, sawa, bado mtu anaweza kukuelewa ingawa mimi ningepita nione watu watafanya nini. Kisha mtu anasukuma 96,000. Simama hapo. Mezani kuna kopa tatu. Mtu huyu alikufuata kabla ya flopu, akakufuata kwenye flopu yenye kopa mbili, na kopa ya tatu iliposhuka tu akaamka. Uliza swali moja: ni karata gani zilizo nyuma ya malkia wawili ambazo mtu wa sebuleni kwenu angesukumia zote hapo? Ili ulipe 81,000 ugombee 129,000 unahitaji kushinda karibu mara 4 katika kila 10. Ukikuta ana kopa mbili, ushindi wako ni sufuri. Sufuri kamili: huna kopa hata moja mkononi, na hata malkia wa tatu akishuka hakusaidii kitu.

Unachotupa pale si malkia wawili wa kabla ya flopu. Hao walishaondoka. Umeshika jozi moja kwenye meza yenye kopa tatu mbele ya mtu aliyeweka maisha yake yote katikati. Kuna wachezaji wanaobaki na picha ya karata walizogawiwa, kama mtu anayeendelea kumsalimia shemeji wakati ndoa ilishavunjika. Karata zako thamani yake inapigwa upya kila karata inaposhuka mezani.

Hapa niwatenganishe wenye karata nzuri, kwa sababu hazivunjiki zote sawasawa. Mfano, badala ya malkia ungekuwa na jeki mbili mkononi kwenye flopu ile ile. Una jeki tatu, utatu. Kopa ya tatu ikishuka unaweza kuwa nyuma, lakini huna sababu ya kufa moyo: karata 10 kati ya 46 zilizobaki zinaifanya meza ijirudie, na wewe unapata tatu na mbili, au jeki nne, ambazo zote huzishinda kopa tano. Hiyo ni zaidi ya mara 1 katika 5. Mwenye jozi mbili, sema jeki na tisa, ana karata 4 tu za kumwokoa, chini ya asilimia 9. Mwenye jozi moja kubwa kama wewe hana kitu. Kwa hiyo, mwenye utatu aweke kwa nguvu kwenye flopu na bado ana pa kuegemea mambo yakiharibika. Mwenye jozi moja aweke kwa nguvu kwenye flopu, ila ajue mapema mlango wa kutokea uko wapi.

Na meza nayo iangalie. Malkia wale wale kwenye flopu ya jeki ya pau, saba ya uru na mbili ya shupaza ni habari tofauti. Hakuna wa kopa, hakuna wa mfululizo wa karibu. Hapo dau la theluthi ya poti linatosha, tena ni zuri, maana mwenye saba atafuata kwa moyo mweupe. Anayeweka dau kubwa kila meza na anayeweka dogo kila meza wote ni wavivu, wamekariri.

Kiti pia. Ukiwa unazungumza wa mwisho, unajua wote wamefanya nini kabla hujatoa hela. Karata zinazovunjika zinapenda kiti hicho kuliko kingine chochote. Ukiwa wa kwanza kuzungumza na nyuma yako kuna wanne, hata dau zuri linaweza kukutia mtegoni. Basi, hilo tusilichambue sana leo.

Wanaopenda mifano ya wakubwa, mrudi Las Vegas, Mei 2003, Binion's Horseshoe, fainali ya World Series of Poker. Walioingia walikuwa 839, kiingilio dola 10,000, na wamebaki wawili: Sam Farha, mchezaji wa miaka mingi mzaliwa wa Beirut, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee ambaye aliingia kupitia shindano dogo la mtandaoni. Farha ana malkia na tisa. Flopu ni tisa, mbili na sita, mbili kati yake shupaza. Tisa ndiyo kubwa mezani, kwa hiyo Farha yuko mbele, lakini karata zake ni za kuvunjika kama zako. Akapita bila kuweka. Moneymaker naye akapita. Karata ya nne ikaja nane ya shupaza, meza ikawaka moto. Sasa ndiyo Farha akaweka 300,000, Moneymaker akapandisha hadi 800,000, Farha akafuata. Karata ya tano ikawa tatu isiyo na msaada kwa yeyote. Farha akapita, Moneymaker akasukuma zote. Alikuwa na mfalme na saba, shupaza hakuipata, mfululizo hakuupata, mkononi hana hata jozi. Farha alifikiria, akatupa tisa zake.

Simlaumu sana Farha. Wakiwa wawili tu, kupita na jozi ya juu ili mwenzako ajichanganye kuna hoja yake, na wengi wangefanya hivyo hivyo. Lakini tazameni mtiririko: dau lilikosekana meza ilipokuwa rahisi, kisha hela nyingi zikaingia meza ilipokuwa imeshakuwa ya kutisha, na mwenye karata nzuri akabaki na swali asiloweza kulijibu. Angeweka kwenye flopu, huenda bado angefuatwa, lakini walau angekuwa amelipwa wakati anajua yuko mbele.

Mkono wa mwisho wa fainali ile ulikwenda kinyume. Farha ana jeki na kumi, Moneymaker ana tano na nne. Flopu: jeki, tano, nne, shupaza mbili tena. Farha ana jozi ya juu, Moneymaker ana jozi mbili ndogo, nazo hizo ni za kuvunjika kupita kiasi. Moneymaker akapita, Farha akaweka dau, Moneymaker akapandisha, Farha akasukuma zote, akalipwa papo hapo. Hela yote iliingia kwenye flopu, kabla shupaza nyingine haijapata nafasi ya kuonekana. Karata ya tano ikawa tano, mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5.

Msinielewe vibaya, siyo kila hela inayopotea ina kosa nyuma yake. Mwaka 2017, kwenye shindano hilo hilo, Vanessa Selbst, mmoja wa wanawake walioshinda hela nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu, aliondoka siku ya kwanza akiwa na ree mbili mkononi na ree nyingine mezani. Saba ya pili iliposhuka mezani akawa na ree tatu na saba mbili. Aliyekuwa mbele yake, Gaëlle Baumann wa Ufaransa, alikuwa na saba mbili mkononi. Saba nne. Pale hata mimi ningelipa, na wewe ungelipa, na bibi yako ambaye hajawahi kuona poka angelipa. Tofauti kati ya ree zake na malkia wako ndiyo ninayotaka uione: yeye alikuwa na kitu kinachoshindwa na karata chache mno, wewe ulikuwa na kitu kinachoshindwa na kila anayeanza kutabasamu.

Ila kuna mahali ambapo ningekuambia lipa, hata kwa malkia wawili. Angalia chipu zilizo mbele yako kabla ya kukasirika. Ungekuwa umebakiwa na 15,000 tu wakati dau la lazima ni 1,000, basi kwenye flopu ile ungezisukuma zote bila kunong'ona. Poti ya 10,000 na mfuko wa 15,000: jozi kubwa inatosha, watakufuata wenye jeki, wenye tisa, wenye kopa, na wengi wao wako nyuma. Ukiwa na laki nzima mbele yako, jozi moja haiwezi kubeba mzigo wote huo. Mtu anapokubali kuweka dau la lazima mara 100 mezani, mara nyingi hana jeki moja. Kanuni yangu ni ya kienyeji: jozi moja naipa poti ya wastani, jozi mbili naipa kubwa, utatu naupa mfuko. Huwa naivunja ninapocheza na mtu ninayemjua kuwa ni mwongo wa kuzaliwa, na kila meza ina wake.

Jambo la hela nitalisema haraka, kwa sababu wengine mnanisoma mkiwa na kodi ya nyumba mfukoni. Laki hiyo iwe laki ya starehe, kama ungeitumia kwa nyama choma. Ukigundua umeikopa, au unarudi mezani kwa hasira ili uirudishe, funga karata uende nyumbani. Hesabu zote nilizoandika hapa hazifanyi kazi kwenye kichwa chenye deni. Wenye chini ya miaka 18 ukurasa huu si wenu. Na wale ambao dini yenu imewakataza, sina ugomvi nanyi, rukeni msome mapishi.

Nimalizie na swali lako la mwisho, uliloliandika pembeni kwa kalamu nyingine: "Basi si bora niwe nasukuma zote kabla ya flopu kila nikipata malkia?" Hapana. Ukisukuma 100,000 kwenye poti ya 1,500, wenye jeki wanatupa, wenye kumi wanatupa, wenye ree na tano wanatupa, yaani wote uliowataka. Wanaobaki ni wenye ree mbili na wafalme wawili, ambao mbele yao unashinda kama mara 1 katika 5, na pengine mwenye ree na mfalme, ambaye unamzidi kidogo tu. Umefukuza wateja ukabaki na wadai. Sukuma zote pale tu mwingine ameshapandisha na kupandishiwa na umeona hesabu inakubali, au mfuko wako umeshakuwa mfupi.

La sivyo, Jumamosi pandisha hadi 5,000. Wakifuata wanne bado, wiki inayofuata pandisha hadi 8,000, na yule bwana wa ree ya kopa akiuliza umejifunzia wapi, mwambie umeota.